Msumeno wa Mkono wa Mwanaume

Bazubagira Anastasie ni binti wa Rugema, na Rugema ni mwana wa Gisaro. Gisaro ndiye aliyevusha ng'ombe wa kijiji chao cha Bibokoboko siku mto ulipofurika, akiwaingiza majini kwa kuwaita majina yao mmoja mmoja, wala hakupotea hata ndama. Rugema ndiye aliyechimba shimo la kwanza la kupasulia mbao huko juu milimani. Majirani walipoona shimo refu kuliko mtu walidhani amefiwa, wakaja na maziwa kumpa pole. Na Bazubagira mwenyewe ndiye aliyekata mstari ukanyooka kwa msumeno wa umeme, mbele ya soko zima la Baraka, wakati mafundi walikuwa bado wanabishana ushikwe kwa mkono upi. Mwenye kubisha aulize kuanzia Swima mpaka Fizi. Atajibiwa.

Mkono wake wa kazi ni wa kushoto. Kule Baraka mkono huo hauitwi kushoto. Unaitwa mkono wa mwanamke, na wa kulia ni mkono wa mwanaume. Hata askari waliokuja na Kilingala chao wanasema hivyo hivyo. Mkono wa mwanaume unasalimia, unapokea, unamega bugali. Wa mwanamke unashika sufuria isiteleze, basi. Mama yake Bazubagira alipochoka kumkaripia alimfunga mkono huo kwa kitambaa kila wakati wa kula, akamfungua baada ya kunawa. Mtoto akala kwa mkono wa mwanaume, akasalimia kwa mkono wa mwanaume, na alipotumwa kuni akashika panga kwa mkono wake ule ule wa siku zote.

Rugema ndiye aliyeona kwamba mkono ule ni mali. Kupasua gogo kunataka watu wawili: mmoja juu ya gogo, mwingine chini shimoni, na msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yao. Rugema alivuta kwa kulia. Alipoweka shimoni mtu wa kulia mwenzake, msumeno ulipinda. Alipomweka binti yake, uso kwa uso, kushoto kwake kukaja sawasawa na kulia kwa baba, na msumeno ukashuka kama uzi. Basi Bazubagira akakulia shimoni, vumbi la mbao likimwangukia kichwani mpaka nywele zikawa nyekundu.

"Baba, juu ya nini kila siku ni mimi niko chini?"

"Juu mimi ndiye ninaona mustari. We vuta tu."

Alivuta. Alivuta mpaka akaolewa na Rukunda, wakateremka Baraka, wakajenga karibu na soko. Rukunda aliuza maziwa na siagi iliyoteremshwa kutoka milimani, na Bazubagira akaenda kuomba kazi kwenye atelie ya kanisa, karakana ya useremala, pale njiani panapotazamana na wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mkuu wa atelie alikuwa Henri, mtu wa heshima, mwenye koti la abakosti lililopigwa pasi na miwani ambayo watu walisema haina nguvu yoyote ila ya kutisha wadeni. Henri alimtazama, akamtazama tena, akampa msasa na kopo la vanishi.

"Mukono ya mwanamuke iko laini, Mama Godelieve. Utatulainishia mbao."

Godelieve ni binti wa kwanza wa Bazubagira, ndiyo maana ya jina hilo. Miaka ile ya Zaire watu wote waliambiwa waache majina ya ubatizo, na kule ofisini kwa zone, ndiyo wilaya yao, Henri hakuwa Henri, wala Godelieve hakuandikwa Godelieve. Lakini atelie ilikuwa na mlango, na mlango ukifungwa kila mtu alirudiwa na jina lake.

Alipiga msasa. Viti, meza, milango, masanduku ya kuzikia. Vidole vikawa laini kweli, vikakosa hata ile michoro ya vidole, na siku ya kutia dole gumba kwenye kadi ya chama karani alimgombeza akidhani anamfanyia mchezo. Kazi aliyoitaka Bazubagira ilikuwa ya kukata. Kila Isidore alipopita na msumeno wake wa mkono, Bazubagira aliufuata kwa macho kama mtu anayemwona mwingine amevaa nguo yake iliyoibwa. Isidore alikuwa Mbembe wa Ubwari, fundi wa kwanza wa atelie, mabega kama mlango, mdomo usiofungwa, rafiki sana wa Rukunda. Kwa hiyo alimwita Bazubagira shemeji, na kumtania ilikuwa haki yake.

"Shemeji, usinitazame hivyo, bibi yangu ataona."

"Sikutazame we. Ninatazama kitu uko unaharibu."

Ndipo ikaja ile Jumamosi. Kazi ya salongo, ile ya lazima ya serikali, ilikuwa imekwisha asubuhi, watu wamefagia barabara na kufyeka majani, kila mmoja ana jembe begani na hana haraka ya kwenda nyumbani. Atelie ilikuwa imepewa kazi kubwa, madawati na milango ya shule huko Fizi, na kanisa lilikuwa limepata jenereta, wenyewe wakiiita grupu. Kilichobaki ni msumeno wa umeme, ule wa duara, sahani yenye meno inayozunguka. Mfanyabiashara mmoja, Raphaël, aliahidi kuuleta kutoka ng'ambo ya ziwa. Akaleta miwili. Mmoja ubaki, mwingine uendelee naye Kalemie kwa boti ya siku ile ile.

Maboksi yalipofunguliwa watu walisukumana mpaka ua wa atelie ukajaa. Misumeno ilikuwa inang'aa, mipya, bado ina harufu ya mafuta. Ilifanana kama mapacha, mpaka utazame vizuri: mmoja sahani yake ilikaa kulia kwa mota, mwingine kushoto.

Grupu ilikuwa imeshawashwa inguruma, kwa kuwa Henri hakuweza kungoja. Raphaël akapanda juu ya gogo, akapaza sauti:

"Bandugu! Hii, sahani yake iko mukono ya mwanaume! Ile, sahani yake iko mukono ya mwanamuke! Muchague mbio mbio, boti hainingoje!"

Akashuka, akakimbilia pwani kusimamia magunia yake.

Sasa, katika kelele ile ya grupu, nani aliyesikia habari ya sahani? Watu walisikia mwisho wa maneno tu. Ya mwanaume. Ya mwanamuke. Habari ikaruka ukuta kabla Raphaël hajafika pwani: Wazungu wameleta msumeno wa wanaume, na mwingine wa wanawake.

"Shemeji!" Isidore alipiga makofi, akacheka mpaka akashika magoti. "Bazungu bamekukumbuka! Bamekutengenezea yako!"

Bazubagira hakucheka. Alikuwa ameshausogelea ule wa mwanamke. Msumeno wa mwanamke! Yeye ni mwanamke, na mkono wake ni wa mwanamke. Kama kuna kitu duniani kilichotengenezwa kikitafuta mwenyewe, ni kile.

"Ni yangu kweli," akasema. "Na ile yako iko pale. Usiogope, haitakuuma kama hauichokozi."

Henri akainua mikono juu. "Sikieni! Grupu iko moja, na musumeno utabakia moja. Mustari ni huu. Mwenye atakata bila kupinda, ndiye atakaa na musumeno, na ni yeye atakata mbao zote za Fizi. Bengine barudilie kazi yabo."

Kazi yabo. Kwa Isidore maana yake ilikuwa randa na nyundo. Kwa Bazubagira ilikuwa msasa, mpaka uzee.

Wakalaza ubao wa libuyu juu ya magogo, ubao mwekundu, mgumu, mrefu. Henri akavuta kamba iliyopakwa unga mweusi wa betri, mawe ya redio yaliyokufa, akaiachia, tap! Mstari mweusi ukalala juu ya ubao. Bazubagira akakaza kitenge, akachukua msumeno wa mwanamke kwa mkono wa mwanamke, akavuta kile kidude cha chini ya mshikio.

Mungu wangu, nguvu ile! Kitu kilimtetemesha mpaka meno. Aliruka kidogo, wanawake wa ndagala wakapiga kelele, halafu akajisimamisha, akasukuma. Meno yakaingia kwenye libuyu kama kisu kwenye papai.

Lakini mstari uko wapi? Mota, nene kama mtungi, ilikuwa imekaa katikati ya macho yake na sahani. Aliona mota. Akanyoosha shingo, akaona mota. Akainama mpaka kilemba kikataka kuanguka, na mstari aliokuja kuuona ni ule uliokwisha kupitwa. Alipotoa kidole na sahani ikanyamaza, alama ya msumeno ilikuwa imeondoka kwenye mstari mweusi, ikazunguka kifundo cha mti, ikaelekea pembeni kama njia ya ng'ombe.

"Aah, mumuache!" mama mmoja muuza ndagala akalia kwa kicheko. "Mustari inaenda kwabo Bibokoboko!"

Ua wote ukalipuka. Bazubagira alisimama na msumeno mkononi, masikio yanawaka. Kumbe msumeno wake mwenyewe ndio umemtia aibu.

Isidore akajitokeza, akatema mate viganjani, akasalimia watu kama kiongozi wa animasyo, zile ngoma za kusifu chama. Akashika msumeno wa mwanaume kwa mkono wa mwanaume. Ubao mwingine, mstari mwingine, tap!

Bazubagira hakwenda kujificha. Binti Rugema hajifichi. Alisogea karibu, akasimama upande wa kulia wa Isidore, atazame kila kitu. Na pale aliposimama aliona jambo. Aliiona sahani yote, wazi, inavyomeza mstari mweusi. Hakuna mota mbele yake. Mota iko upande wa Isidore. Aliona mwanzo kabisa, unywele mmoja tu, meno yalipoanza kuacha mstari. Isidore, kwa upande wake, alikuwa amekunja shingo kama bata, anaendelea na safari.

"Unapotea!" Bazubagira akapiga kelele. "Isidore! Unapotea!"

Nani atasikia? Grupu inanguruma, sahani inalia. Isidore akamaliza, akainua msumeno juu, akageukia watu kupokea sifa.

"Na ya huyu inaenda Ubwari!" yule mama wa ndagala akasema, na safari hii watu walikaa chini kwa kicheko.

"Ubao ni mubaya!" Isidore akafoka. "Iko na kifundo ndani!"

Henri alikuwa ameshika kichwa, anatazama libuyu yake nzuri imeharibika mara mbili. Akapima makosa kwa vidole. "Mama amepinda kupita Isidore. Basi. Tunachukua ya mwanaume, na Isidore..."

"Baba Henri, ngoja!"

"Ngoja nini tena?"

"Nipe mimi ile ya mwanaume."

Mama wa ndagala akasema polepole, "Mama Godelieve, na ile yako je?"

"Ile yangu ilikuwa inanificha mustari. Nimesimama pale, upande huu wa Isidore, nimeona kila kitu. Nani anasimama upande huu akishika musumeno? Ni mutu wa mukono ya mwanamuke. Ni mimi. Baba Henri, mara moja tu. Nikipinda, nitapiga musasa mpaka mutanizika."

Henri alimtazama kupitia miwani. Mtu huyo alikuwa na kiburi chake, lakini hakuwa mtu wa kunyima. Akavuta kamba. Tap!

Alipoanza tu, Bazubagira alijua pia shida ya upande ule. Vumbi la mbao lilimrukia usoni kama pilipili. Akaachia, akafungua kilemba, akajifunga nacho mdomo na pua. Akamgeukia Henri.

"Miwani, baba."

"Miwani yangu?"

"Macho ni yako? Leta!"

Henri akavua miwani mbele ya watu wote, na kwa kweli alionekana anaona vizuri zaidi bila hiyo.

Sasa sikia. Bazubagira akashika msumeno wa mwanaume kwa mkono wa mwanamke, na sahani ikawa hapo, chini ya macho yake, upande wake. Mota ikaenda kukaa huko ng'ambo isikohitajika, uzito wake umelala juu ya ubao mpana. Akavuta. Mstari mweusi ukaanza kuja kwake wenyewe, ukiingia chini ya meno, ukipotea, ukiingia, ukipotea. Vumbi lilimpiga miwani, likamjaa kifuani, nywele zikawa nyekundu, naye anacheka ndani ya kilemba kama kichaa. Alikuwa anauona! Yule wa shimoni, aliyevuta miaka yote bila kuona kitu ila nyayo za baba yake, alikuwa anauona mstari kuanzia kichwa mpaka mkia. Alipofika mwisho, ubao uligawanyika, kipande kikaanguka chini, pa! Na juu ya ubao ule mstari mweusi wote ulikuwa umeliwa. Haukubaki hata wa kupakia kucha.

Vigelegele! Wanawake wa ndagala waliacha meza zao na paka wakapata Krismasi. Rukunda, mumewe, aliyekuwa nyuma na kopo la siagi, alilirusha juu akasahau kulidaka.

Kama angekuwa mjanja, Bazubagira angenyamaza hapo. Lakini furaha ilikuwa imemjaa hata haikubaki nafasi ya ujanja.

"Isidore! Njoo! Shika ile ya mwanamuke na mukono yako ya mwanaume. Utaona mustari, naapa!"

"Mi? Kushika ya mwanamuke?"

"Ogopa, ogopa," wanawake wakamwimbia. "Itamuzalisha!"

Isidore akashika, ili wanyamaze. Akakata. Na mota ikakaa ng'ambo, na sahani ikawa upande wa macho yake, na mstari wake ukanyooka kama wa Bazubagira. Akapitisha kidole juu ya ule ubao. Fundi ni fundi; uso wake ulikuwa umeng'aa.

"Kumbe," akasema.

Hapo Bazubagira akaelewa alichofanya. Henri naye alikuwa tayari ameanza kusema, taratibu, kwa huruma: "Mama Godelieve, ahsante, umetufundisha sote. Lakini hapa ndani batu bote banatumia mukono ya mwanaume, ni we peke yako. Basi ile ya mwanamuke ndiyo inatufaa sisi. Isidore atakaa nayo."

Bazubagira alitazama msumeno ulio mkononi mwake, akaona unavyofungwa tena kwenye boksi lake, unapanda boti, unakwenda Kalemie. Hesabu ya Henri ilikuwa sawa.

Aliyepaza sauti ni mama wa ndagala. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anarudi kwenye meza yake tu, anamwita mwenziwe ng'ambo ya barabara:

"Uko unasikia? Isidore amepewa musumeno ya bibi!"

Na mwenziwe akampasia wa mbele, na wa mbele akampasia wa pwani, kule boti za Ubwari zinakofungwa. Isidore alisikia jina lile likikimbia kuelekea kwao. Akaweka msumeno chini kama umemwunguza.

"Mi hapana."

"Isidore, ni upande wa sahani tu," Henri akamsihi. "Ni jina."

"Jina ndiyo mi sitaki. Ndugu zangu bote banapita hapa. Kila asubuhi bataniuliza kama nimenyonyesha! Upatie Anatole."

Anatole, fundi wa madirisha, alikuwa ameshaondoka. Wengine wakakumbuka kazi nyumbani. Raphaël aliporudi mbio kutoka pwani alikuta fundi hata mmoja hataki kuusogelea. Akajipiga paji la uso. "Lakini nilisema sahani! Sahani iko upande wa mukono ya mwanamuke! Nani alisema musumeno ni ya bibi?"

Alikuwa amechelewa. Baraka ilikuwa imeshaupa jina, na jina likishapita kwenye meza za ndagala halirudishwi.

Bazubagira akafuta miwani kwa kitenge, akamrudishia Henri kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Baba Henri, mimi sina shida na majina. Nitashika ya mwanaume. Acha banicheke."

Isidore ndiye aliyeanza kucheka, kwa sauti ya mtu aliyeokoka. "Mupatie! Mupatie shemeji! Mi nitamushikia ubao."

Hivyo ndivyo ulivyobaki. Yule wa sahani ya kushoto ulifungwa, ukapanda boti, na huko Kalemie bila shaka mtu wa mkono wa kulia aliufurahia bila kujua ulivyotukanwa. Kazi ya Fizi ilikatwa yote kwa mkono wa kushoto wa binti Rugema. Watu walikuja kutoka Ubwari na mbao zao kwa mitumbwi, wakaja kutoka Swima, wengine wakija kukatiwa mbao na wengine kutazama tu. Alipigwa na vumbi miaka yote hiyo, akakohoa, akazoea. Watoto walimwita Mama Mwanaume, naye aliitika. Isidore alishika upande wa pili wa ubao, akatania mpaka meno yakaanza kumtoka, na siku moja akiwa amekunywa kidogo alimwambia Rukunda kwamba katika maisha yake amekosa vitu viwili, mchumba mmoja wa Kazimia na ule msumeno.

Godelieve alipomaliza shule aliingia atelie bila kuomba ruhusa ya mtu. Kazi alikuwa nayo damuni, lakini mkono alikuwa ameuchukua kwa baba yake: wa kulia. Alipokata kwa msumeno wa mama yake alikunja shingo juu ya mota, akapinda, akalaani. Wanawake wa ndagala walikuwa wengine sasa, hakuna aliyekumbuka mambo ya msumeno wa bibi. Na atelie, baada ya kazi ya zahanati mpya, ilikuwa na uwezo wa kununua wa pili.

Asubuhi ambayo boti ya Kalemie ilikuwa inapakia, Bazubagira alimwita binti yake uani, akamwekea kipande cha ubao ndani ya kikapu, ubao wa libuyu wenye mstari mweusi mpya.

"Chukua. Ukifika dukani, batakuonyesha mingi. Usiulize inaitwa aje. Usiulize ni ya nani. Weka huu ubao chini, shika musumeno na mukono yako, uinamishe macho tu, usikunje shingo. Ukiona mustari, ndiyo huo. Usipouona, hata bakuapie, muambie alete mwingine. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Na bakisema ni ya mukono ya kushoto?"

"Bacheke. We angalia mustari. Haya, kimbia, iko inapiga honi."